Kaburi la Usubi

Kaburi lilikuwa la urefu wa mtu mzima, na marehemu alikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi. Wachimbaji hawakufanya kusudi. Ni watu waliozoea kuchimbia watu. Wakaambiwa chimbeni, wakachimba. Walipomaliza ndipo mmoja akajikuna kichwa akasema, "Sasa huyu mdudu si atapotea humo?" Wakacheka, wakaliacha hivyo hivyo, maana lilikuwa limenyooka vizuri pembe zote.

Shimo lenyewe lilikuwa ndani ya kiwanda cha chai cha zamani cha Ivangilo, pale sakafu ilipobomolewa. Chai haikukaushwa tena humo. Yale matangi marefu ya kunyaushia majani, yaliyopangwa safu kutoka mlangoni hadi ukutani, sasa yalikuwa vitanda vya uyoga, kila ukoo na kitanda chake. Juu ya mlango lilining'inia gunzi moja la hindi, kavu, halina punje hata ya dawa. Watoto wa siku hizi huuliza ni kitu gani. Tangu mahindi yalipogoma kuzaa, mlima mzima ulikula uyoga: mbichi, mkavu, na uliosagwa ukasongwa ugali.

Na sasa uyoga ulikuwa na mlaji mwingine. Ukiuvunja shina unakuta vijitundu, na ndani ya vijitundu mabuu membamba yanajikunjakunja. Kitanda kilicholiwa kinalegea, kinatoa maji, kinanuka. Tangu mvua zianze vilikuwa vimeshakwenda vitanda vya koo nyingi, na watu wake walikuwa wamefunga mizigo kwenda kambi za bondeni, kwenye joto na homa, wakale cha kugawiwa.

Kwa hiyo Kinu kililetwa.

Kinu kilikuwa kimesimamishwa humo kaburini, upande wa kichwani, mdomo wake ukifika ukingoni. Cheupe, kimo chake kama kinu cha kutwangia, ndiyo maana watu walikiita hivyo. Jina lake la kiwandani hakuna aliyelikumbuka. Unatia dume mmoja tu. Kinu kinamsoma mwili wote, hata yale ambayo macho hayaoni, kisha unabonyeza mfuniko nacho kinatoa vumbi. Vumbi linachukuliwa na upepo. Usubi yeyote mwenye mwili kama ule akikutana nalo, anazaa madume matupu, na watoto wa hao madume ni madume matupu, mpaka inafika siku hakuna jike, si Ivangilo, si Uchina. Basi. Hawapo tena duniani.

Sheria yake ilikuwa fupi. Pasipo mtaja, Kinu hakifunguliwi. Pasipo mtani, mdudu hazikwi. Hiyo ya pili waliiongeza watu wa huku wenyewe. Walisema, kama ni msiba basi na uwe msiba, na msiba gani usio na watani?

Mtaja alikuwa Tulalumba, mama wa makamo, mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na jicho moja jekundu kwa ajili ya kuchungulia hadubini. Yeye ndiye anayesema mdudu huyu ni nani. Mtani alitoka Songea kwa Wangoni, watani wa Wahehe wa huku tangu vita vya mababu, anaitwa Otmari Tawete, na sauti yake iliingia kabla hajaingia mwenyewe.

"Kamwene, wala mbwa! Nimesikia mbwa wameisha, mmegeukia vijidudu. Huyu mmoja mtagawana vipi?"

"Karibu, mkimbizi," alijibu Tulalumba bila kuinua kichwa. "Ngao aliyoitupa babu yako bado tunafunikia choo. Ukiondoka uibebe."

Watu wakapiga makofi. Otmari akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na meza.

"Haya, nionyeshe marehemu. Nisije nikamlilia mgeni."

Ilikuwa haki yake. Mtani hutafuta kasoro, na asipoiona ndipo anaachia mazishi. Tulalumba akamsogezea hadubini.

"Kwanza ujue huyu si usubi aumaye. Hana mdomo wa kuuma mtu. Tazama kichwa. Macho unayaona?"

"Naona moja, limezunguka kama kilemba."

"Ni mawili. Yamekutana juu ya vipapasio yakaungana, kama daraja. Kidudu cheusi kisicho na daraja hilo si cha ukoo huu. Shuka mgongoni."

"Ana kibyongo."

"Ndivyo walivyo. Sasa bawa. Katikati kuna mshipa unaogawanyika panda mbili, na panda yake imepanuka kama kengele."

"Ya kanisani au ya mbuzi?"

"Ya kanisani. Haya, mguu wa mbele, muundi wake, pale unapoishia. Taratibu. Usipumulie kioo."

Otmari akatazama. "Ana kitana," alisema. "Kitana cha nywele, mguuni! Meno yamepangwa mstari mmoja."

"Ndiyo maana anaitwa Kitana. Na huko mwisho, mkiani, ana makoleo mawili ya kumshikia jike. Kila aina na makoleo yake."

"Jamani! Maiti haijapoa, mama huyu ameshaichungulia mkiani!"

Kiwanda kizima kilicheka, hata Sekinyaga, mwenyekiti wa vitanda, ambaye siku hizo kicheko kilikuwa kimemhama. Sekinyaga alikuwa dada yake Tulalumba, mkubwa kwake, tumbo moja. Binti yake, Vaileti, alikuwa ananyonyesha mapacha.

"Na mmemkamatia wapi?" Otmari aliuliza.

Tulalumba akaonyesha juu kwa kidevu. Juu ya kila kitanda zilining'inia mbeta, vile vipande vya mwanzi ambavyo watu wa huku hukingia ulanzi, pombe itokayo kwenye mwanzi, na ndani yake mlikuwa na mashapo ya ulanzi uliochacha. Alizitundika yeye. Mama yake alitega inzi jikoni namna hiyo, na bibi yake vilevile. Kwa Mhehe, ukisema tega, mkono unafika kwenye mbeta kabla akili haijafika. Usubi walinasa tele, naye akachagua dume mzima kuliko wote. Chini mabuu yanatafuna uyoga, juu usubi wamejaa mbeta. Nani angeuliza mara mbili?

Otmari hakuuliza. Akasema, "Marehemu nimemtambua. Nipeni kinywaji, nianze kumtukana."

*

Gwakisa, mtunza Kinu, kijana mpole wa Kinyakyusa mwenye koti la mvua, alimchukua yule dume kwa ncha ya unyoya akamtia kinywani mwa Kinu. Taa ndogo ya njano ikawaka. Kinu kilikuwa kinasoma. Sekinyaga akamletea mtani kikombe cha ulanzi, kimejaa povu.

Otmari alikuwa ameegemea kitanda cha Sekinyaga mwenyewe. Kabla hajanywa, usubi mmoja akatoka upande wa mlangoni, akatua moja kwa moja kikombeni.

"Tazameni! Marehemu amekuja kuaga, na pombe hajaacha!"

Watu walicheka tena. Tulalumba naye alicheka, lakini mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umeshachukua unyoya ukamwopoa yule usubi na kumweka kwenye kioo. Akachungulia. Kitana, meno mstari mmoja. Ni yeye. Hapakuwa na tatizo.

Isipokuwa njia aliyopita. Tulalumba aliinua kichwa akaitazama ile njia, kutoka mlangoni hadi kikombeni. Usubi alikuwa amepita juu ya kitanda kizima cha uyoga bila kutua, kama mtu anayekatiza shamba la jirani kwenda kwake.

Akasogea kitandani. Juu ya udongo, kati ya vichwa vya uyoga, vilikuwepo vidudu vingine vyeusi. Aliviona siku zote. Havikuwa vinaruka, vilikuwa vinakimbia huku na huku, na yeye alidhani ni wale wale waliochoka. Akamgusa mmoja kwa unyoya wenye maji, akarudi naye mezani.

Macho, daraja lipo. Kibyongo kipo. Kengele ya bawa ipo, nyembamba kidogo. Mguu wa mbele.

Hapakuwa na kitana. Nywele zilikuwepo, ila zimerundikana pamoja kama kiraka kilichoshonwa haraka.

Akamchukua wa pili. Kiraka. Wa tatu, kutoka kitanda cha mbali. Kiraka.

"Gwakisa," alisema, "ondoa mkono kwenye mfuniko."

"Mama, kimemaliza kusoma. Taa hii hapa, ya kijani."

"Ondoa mkono, baba."

Gwakisa akauondoa. Tulalumba akasimama, akawageukia watu, akawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Kwamba usubi ni aina mbili. Kwamba mwenye kitana ni mpenda ulanzi, na mbeta zilimwita yeye peke yake. Kwamba nusura wamzike asiyehusika, na uyoga ungeendelea kuliwa. "Kosa ni langu," alisema. "Mitego niliitundika mimi."

Kisha Sekinyaga akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Mungu ametuonea huruma mapema. Basi mtoe huyo, umtie huyu wa kiraka. Si umemwona?"

"Nimemwona amesimama juu ya uyoga, dada. Na wewe umesimama juu ya uyoga. Hatujakutaja."

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii. Usubi mwenye mabawa hali uyoga. Anataga, anakufa. Anayekula ni mtoto, na mtoto hana bawa, hana mguu, hana kitana wala kiraka. Ni kichwa cheusi kinachong'aa na mwili kama uzi wa maji. Mabuu ya ndugu hawa wawili hata mimi siwezi kuyatenganisha kwa macho. Dawa yake ni moja: umlee mpaka aote mabawa, ndipo umtazame mguu."

"Kwa baridi hii," alisema Gwakisa polepole, "hiyo ni kazi ya mwezi. Mama, kesho natakiwa niondoke. Uporoto wanangoja, viazi vyao vinakwisha. Zamu yenu ikipita, ni mpaka mvua nyingine."

Sekinyaga alimshika mdogo wake kiwiko, akamvuta pembeni, ingawa kila mtu alisikia. "Vaileti amefunga mizigo. Nimemwambia ngoja, leo tunazika, leo. Kitanda changu kimelegea nusu. Hivi, una hakika kiasi gani ni huyu wa kiraka?"

Tulalumba alifikiri, maana hakutaka kumdanganya. "Hakika kubwa. Ingekuwa ni mvua, ningeshaanua nguo."

"Basi!"

"Ningeanua nguo, dada. Nguo. Hatuanui nguo hapa, tunamfuta mtu duniani."

"Mtu! Mdudu!"

"Asubuhi tulikuwa na hakika kuliko hii. Kaburi hilo hapo, tulishachimba."

Sekinyaga alimwachia kiwiko. Sheria ilikuwa na mlango mmoja wa nyuma, na yeye aliujua: mtaja akikataa, mwenyekiti anaweza kutaja kwa kinywa chake, dhambi iwe juu yake. Alikwenda mezani, akachukua kioo chenye usubi wa kiraka, akakipeleka hadi ukingo wa kaburi.

"Gwakisa, pokea. Nitataja mimi."

Gwakisa alimtazama Tulalumba, akamtazama mwenyekiti, akanyoosha mkono. Ndipo Otmari Tawete alipoweka kikombe chini, akapandisha suruali, akashuka kaburini, akajilaza chali na kichwa chake akakiegemeza kwenye Kinu.

"Alaa," alisema kutoka shimoni, "limenitosha kama nilipimwa. Wahehe mnajua kuchimba, kupika ndiyo hamjui."

"Otmari, toka," alisema Sekinyaga.

"Sitoki. Nimefiwa."

Mnajua mambo ya watani msibani. Mtani akilala kaburini hatolewi kwa nguvu. Atakayemvuta, msiba unamfuata nyumbani. Anatolewa kwa kupewa anachotaka, hata kama anataka jogoo, hata kama anataka kanzu ya mchungaji. Sekinyaga alifumba macho. "Unataka nini?"

"Namtaka mtoto wa marehemu. Msiba gani hauna mtoto? Mniletee mtoto aliyelelewa na uyoga huu huu, akulie hapa karibu yangu, nimtazame mguu kwa jicho langu. Nikimwona, natoka."

"Umesikia ni mwezi mzima!"

"Basi nileteeni blanketi. Huku kwenu kuna baridi kama roho zenu."

Na Kinu kilikuwa humo humo kaburini, kimeegemewa kichwa cha Mngoni. Gwakisa akakaa juu ya udongo uliochimbwa, akashika mashavu. "Uporoto nitawaambia nini?"

"Waambie ni mimi niliyekuzuia," alisema Tulalumba. "Taja jina langu lote, na la baba yangu."

*

Tulalumba alilea mabuu kwenye chupa za kioo. Alivunja mashina yaliyotobolewa, akayalaza juu ya udongo mbichi, akafunika midomo ya chupa kwa vipande vya kanga ya zamani, akafunga kwa uzi. Chupa alizipanga kwenye ukingo wa kaburi, mtani aone. Kwingine aliweka majike wa kitana na uyoga safi. Kwingine tena, majike wa kitana na kipande cha mwanzi uliokatwa kwa ajili ya ulanzi, ule unaoota ukungu mweusi kwenye jeraha. Saa za baridi kali alizivisha chupa sweta lake, yeye akabaki na kanga.

Mabuu ya mama wa kitana, kwenye uyoga, yalisinyaa yakafa. Kwenye ukungu wa mwanzi yalinenepa kama watoto wa sherehe. "Kumbe ndiye anayewaoshea vidonda vya mianzi yenu," alisema Otmari, aliyekuwa akichungulia chupa kwa ubavu. "Mngemzika, mngekunywa maji. Mngekuwa watu wazuri sana."

Hilo lilikuwa jibu la nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwenye chupa za mashina yaliyotobolewa, na humo mambo yalikwenda polepole mno. Buu lilikula. Buu likatulia. Buu likajifunga, likingoja mabawa.

Vitanda navyo havikungoja. Kitanda cha Sekinyaga kilianguka chote, utando wake mweupe ukawa tope la kahawia, na watu waliubeba kwa beleshi wakaenda kuumwaga bondeni. Sekinyaga alileta chakula cha mtani kila siku, maana mtani lazima ale. Alileta sahani moja. Aliiweka ukingoni, akapita mbele ya mdogo wake kama anapita nguzo.

"Mchuzi wako umepungua chumvi," Otmari alimchokoza siku moja.

"Chumvi imeliwa na mabuu," alijibu, akaondoka.

Vaileti aliondoka siku ya ukungu, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Alipitia kiwandani kuaga, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Mama mdogo, kwaheri."

"Unanilaumu?"

Vaileti alimpandisha mtoto wa mgongoni, akafunga upya mbeleko. "Bado sijui," alisema. "Nikijua nitakuambia." Akaenda na wenzake, wakashuka.

Siku hiyo Tulalumba alichukua sindano. Ndani ya chupa ya kwanza kulikuwa na mmoja aliyejifunga, na kupitia ngozi yake laini ungeweza kuona miguu imekunjwa kifuani. Ukimpasua utauona mguu leo, si wiki ijayo. Aliishika sindano juu ya kioo kwa muda mrefu. Otmari alikuwa anamwangalia kutoka shimoni.

Lakini mguu usioiva nywele zake hazijasimama. Zimelala, zimeshikana. Mwenye njaa ataona kiraka. Mwenye mashaka ataona kitana. Kila mtu ataona alichokwenda nacho.

Akairudisha sindano kwenye kizibo chake.

"Mke wangu angepasua," alisema Otmari.

"Ndiyo maana umekimbilia kaburini."

"Kaburini kuna amani. Nyumbani kuna kuni za kupasua. Msije mkanishukuru bure."

*

Usubi wa chupani walitoka asubuhi ya jua, la kwanza baada ya mvua nyingi. Mmoja alikuwa juu ya kitambaa cha kanga kwa ndani, mabawa bado yamekunjamana. Kisha mwingine, na wengine. Tulalumba hakukimbia. Alingoja wakauke, alingoja miguu ikaze, maana alikuwa amengoja mengi kuliko hayo. Watu walikusanyika bila kuitwa. Sekinyaga alisimama nyuma kabisa, mikono amekunja.

Wa kwanza, kiraka. Akatoa wa chupa ya pili, kiraka. Kila chupa ya mashina yaliyotobolewa alifungua, na kila mguu ulikuwa na nywele zilizorundikana, hakuna hata mmoja wenye kitana. Akakiinua kioo, akapiga magoti ukingoni, akampa mtani hadubini mikononi.

Otmari alichungulia akiwa amelala. "Mtoto anafanana na mlo wake," alisema. "Nimemwona." Akainuka, udongo ukimtoka mgongoni, akanyoosha mkono watu wamvute.

Ndipo Sekinyaga alipopita katikati ya watu akaja hadi mbele. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Ndiye yule yule. Wa kiraka. Ndiye uliyetuonyesha siku ile ile."

"Ndiye."

"Ulijua."

"Sikujua, dada. Nilidhani."

"Na kitanda changu? Na wajukuu zangu walioko kwenye joto huko? Vyote hivyo vimekwenda kwa sababu ya kudhani na kujua?"

"Ndiyo," alisema Tulalumba. Hakuinamisha kichwa. "Vimekwenda kwa hiyo. Sitakuambia ni kidogo. Na ningerudishwa siku ile, ningengoja tena."

Sekinyaga akasogea hatua moja, akamwachia njia ya kwenda kwenye Kinu.

Gwakisa alikuwa ameshamtoa yule dume wa zamani, amekauka, akampeperusha. Tulalumba akamtia mpya. Taa ya njano. Alingoja nayo. Taa ya kijani. Akaweka kiganja juu ya mfuniko, akatazama kila upande wa kiwanda, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Huyu ni Kiraka. Namjua tangu akiwa buu. Amekula uyoga wetu nikimwona, amekua nikimwona. Hatatokea mwingine kama yeye, na anayemwondoa ni mimi, Tulalumba. Namtaja."

Akabonyeza mwenyewe. Vumbi lilitoka kimya, jepesi kama unga unaobaki hewani baada ya kupepeta, likapanda hadi kwenye dirisha lililovunjika, likatoka nje. Juu ya vitanda wale weusi waliendelea kukimbia huku na huku. Wao hawangeona mwisho. Wangeuona watoto wa watoto wao.

"Haya, Kiraka, nenda!" Otmari alipaza sauti, kazi yake ikiwa imefika. "Nenda, una miguu sita na hukuwahi kushika jembe! Umekula mlima mzima na bado huna nyama ya kujaza jino! Macho yameunganika kama daraja na hukuona unakokwenda! Nenda, tutakutukana kila mwaka, maana hakuna mwingine atakayekukumbuka!" Mwishoni akakohoa, akasingizia udongo.

Gwakisa akamtoa Kiraka, akamlaza shimoni, akakinyanyua Kinu, akakifunga mgongoni kwa kamba, akaaga haraka. Uporoto walikuwa wanangoja. Vijana wakashika mabeleshi wakaanza kufukia.

Sekinyaga alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda chake kitupu, na kikombe cha ulanzi mkononi. Tulalumba akaenda akaketi karibu naye, si karibu sana. Usubi mmoja akaja kutoka mlangoni, akatumbukia kwenye povu.

"Huyu nani?" aliuliza Sekinyaga.

Tulalumba hakuhitaji hadubini. "Mwenye kitana."

"Huyu ndiye tuliyemchimbia."

"Ndiye."

Sekinyaga akachovya ncha ya kidole, usubi akapanda juu ya ukucha. Akaukinga mkono kwa mkono wa pili, upepo usimpige, akamshikilia hivyo wakati mabawa yanakauka.

"Kesho nashuka kumfuata Vaileti," alisema.

"Twende wote."

"Wewe baki na vitanda. Bado sijakusamehe."

"Najua, dada."

Usubi akatikisa mabawa, akaruka, akapita juu ya uyoga wote bila kutua.